Tahadhari kwa wakazi wa Mbeya kuhusu muuzaji wa safari za Bagamoyo

Ndugu zangu wa Mbeya, hasa walimu na viongozi wa vikundi vya akina mama mnaopanga safari za likizo, jihadharini na mtu anayepita Mwanjelwa, Soweto na Uyole akiuza safari fupi ya Bagamoyo kwa malipo ya pamoja, ambayo anadai yanagharimia basi, malazi, viingilio na mwongoza watalii. Kikundi chetu kilimlipa. Basi lilitufikisha salama, lakini nyumba ya wageni aliyotutajia haikuwa na taarifa yoyote ya ujio wetu, viingilio havikuwa vimelipiwa, na simu yake haikupatikana tena. Wazee waliosafiri zaidi ya kilomita 800 walikaa barazani na mizigo yao hadi usiku huku tukichangishana fedha za vyumba, na hilo linaniuma kuliko hasara yenyewe.

Matangazo yake yanamuumbua. Picha anayoiita magofu ya Kaole ni ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, wenye safu za nguzo na kuba, ulioko mkoani Lindi katika eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kaole, iliyo kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, ina mabaki ya misikiti miwili na makaburi yenye nguzo za mawe. Anaahidi pia kuwaonyesha wageni nyumba alimoishi David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ilhali Livingstone hakupata kuishi Bagamoyo: aliletwa akiwa maiti mwezi Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kumbeba kutoka Chitambo, katika Zambia ya sasa, na mwili wake ukalazwa katika misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Anayepeleka wageni huko kwa kweli asingekosea mambo haya.

Huanza kwa kuomba kianzio, kisha safari inapokaribia hudai salio lote kwa haraka, akisema vyumba vinakwisha. Fedha huelekezwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha muamala si lake. Akiulizwa, husema ni la mhasibu. Risiti yake ni ya kuandikwa kwa mkono, si ya mashine ya EFD. Mwombeni awaonyeshe leseni ya biashara ya utalii, inayotakiwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na mpigieni simu mwenye nyumba ya wageni kwa namba mliyoitafuta wenyewe. Akisema viingilio vya vituo vya serikali vimekwisha kulipwa, dai stakabadhi yenye kumbukumbu namba ya malipo kabla basi halijaondoka.

Mliokwisha kumlipa kwa safari zijazo, msifute ujumbe wake wala taarifa za miamala. Zipelekeni kituo cha polisi mkaandikishe malalamiko, na namba yake itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Sisi tumekwisha kufungua jalada, na ushahidi wa kila aliyetapeliwa unahitajika.