Zukini au boga la kienyeji?

Mvua za Desemba zikianza Mtwara, swali hili hurudi. Kwa haraka, zukini (jamii ya boga, huchumwa likiwa changa) inashinda: siku 50 hivi tangu kupanda unachuma, na mche wake hautambai, mita moja inautosha hata uani Shangani. Lakini mbegu chotara utanunua kila msimu, ubwiri unga (ukungu mweupe wa majani) huishambulia, na tunda halikai wiki mbili jikoni.

Boga hudai miezi mitatu hadi minne na nafasi ya kutambaa. Ila mbegu unajiwekea mwenyewe, majani ni mboga (yakiungwa kwa nazi, mimi sitaki kitoweo kingine), na likikomaa vizuri hukaa miezi.

Una ua mdogo na maji ya bomba? Zukini. Una shamba Naliendele na unategemea mvua? Boga.