Laptopu au flashi: DJ wa harusi Tanga abebe nini?

Ukumbini, laptopu na kontrola (kifaa cha vitufe kinachounganishwa na laptopu kwa waya wa USB ili kuendesha nyimbo) ndiyo raha: bibi harusi akibadilisha wimbo wa kuingilia dakika ya mwisho, unaandika jina, unaupiga. Ila zima milio ya ujumbe, la sivyo WhatsApp italia kwenye spika katikati ya dua (na mama mkwe hasahau).

Sherehe za wazi Raskazone, flashi na mashine inayojitegemea (inayosoma flashi na kupiga nyimbo yenyewe, bila laptopu) ni bora: hakuna waya wa USB wa kuchomoka watu wakiukanyaga. Fomati flashi kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili), kwani mashine nyingi hazisomi mfumo wa NTFS. Nyimbo ziwe MP3 za kbps 320 (kiwango cha juu cha ubora wa MP3), nakala ya pili mfukoni. Kasoro yake ni umeme: ukikatika, laptopu inabaki na betri, mashine inawaka upya na kuanza kusoma flashi tena.