Bomba la betri kwenye mikorosho: misimu miwili Newala

Nililinunua Mtwara mjini Mei 2024, shilingi 95,000, na fimbo ya kuvuta ya kuongezea urefu ikanigharimu 30,000 nyingine. Ni bomba la kupulizia dawa, la kubeba mgongoni, tangi la lita 20, betri ya volti 12 imekaa chini ya tangi, swichi iko upande wa kulia na pembeni yake kitufe cha kuongeza au kupunguza nguvu. Chapa siitaji, maana madukani yamejaa ya majina mbalimbali na ukiyafungua ndani ni yale yale: pampu ndogo, betri, mpira na nozeli. Naandika kwa ajili ya mwenye mikorosho anayeliangalia dukani akajiuliza kama linaweza kuchukua nafasi ya mashine ya petroli ya kupulizia salfa. Linaweza, kwa miti mifupi tu. Muuzaji akikuambia vingine, usimsikilize.

Shambani kwangu kuna mikorosho 64. Mifupi ni 41, nilipanda miche ya kubebesha, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti mzuri juu ya shina la mwingine, mwaka 2017. Iliyobaki 23 ni mikongwe ya marehemu mama, imepanda juu hadi ukitaka kuona maua ya kileleni lazima urudi nyuma hatua kumi na ushike kilemba.

Kilichonipeleka dukani ni Agosti 2023. Wengi mtakumbuka kwamba Julai na Agosti mwaka ule petroli iliadimika sehemu nyingi za nchi. Huku kwetu ndiyo miezi ya maua. Salfa ya unga, dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua, tunapiga robo kilo kwa mti, kila baada ya wiki mbili, raundi tano, kwa hiyo miti yangu inakula kilo 16 kwa raundi. Mwenye mashine anayenipulizia ni kijana niliyemfundisha Jiografia kidato cha tatu. Sasa ana watoto wawili na mashine yake mwenyewe, anazunguka mashamba ya watu na wenzake wawili. Alfajiri ile ya raundi ya tatu alifika saa kumi na moja, mashine mgongoni, akanisalimia, "Shikamoo Mwalimu," kisha akasimama kimya. Nikajua. Alikuwa ameshinda kituoni siku nzima iliyopita bila kupata kitu, na wale wanaouza kwenye chupa za maji kando ya barabara nao walikuwa wameziondoa mezani.

Umande ulikuwa umelala vizuri kwenye majani na hewa imetulia kabisa. Hiyo ndiyo hali tunayoiomba, maana unga unanasa kwenye ua badala ya kupeperuka kwenda kwa jirani. Tulihitaji lita mbili tu za petroli na oili kidogo. Tulisubiri siku tisa. Siku ya tisa maua yalikuwa yameshavaa weupe wa ubwiriunga kama yamemwagiwa majivu, na wiki iliyofuata yakageuka kahawia, ukiyagusa yanapukutika mkononi. Mwaka uliotangulia nilipeleka ghalani kilo 480. Mwaka ule nilipeleka 310.

Nilifundisha Jiografia miaka 31, na somo la nishati nililipenda kuliko yote. Niliwachorea wanafunzi ubaoni ule mchoro wa kengele wa M. King Hubbert, mwanajiolojia wa kampuni ya Shell, ambaye mwaka 1956 alisimama mbele ya wenzake San Antonio, Texas, akasema uzalishaji wa mafuta ya Marekani utafika kileleni kati ya mwaka 1965 na 1970, kisha utaanza kushuka. Wengi walimpuuza. Mwaka 1970 uzalishaji ukafika kileleni kweli. Kwa hiyo niliwaambia watoto kwamba na dunia nzima itafika.

Kijana wangu wa mashine hajasahau. Tukiwa tumekaa chini ya mkorosho mwezi ule, akaniambia, "Mwalimu, ulituandikia mafuta yamebaki ya miaka arobaini. Leo ni karibu ishirini imepita, na ukisoma wanasema yamebaki ya hamsini. Sasa si yanaongezeka?"

Ni swali la haki na nilimjibu kwa haki. Namba ile ya miaka arobaini haikuwa kalenda. Unachukua mafuta yaliyothibitishwa kuwa yanaweza kuchimbwa kwa faida, unagawa kwa kiasi kinachochimbwa kwa mwaka. Bei ikipanda, au ufundi ukibadilika, mafuta ambayo jana hayakuhesabiwa leo yanahesabiwa. Ndivyo ilivyokuwa Marekani: walianza kupasua miamba ardhini kwa maji yenye msukumo mkubwa, na mwaka 2018 wakaivuka rekodi ile ya 1970 ambayo Hubbert aliitabiri. Hapo walioamini kilele walichekwa sana. Lakini visima vile hushuka haraka, mwaka wa kwanza tu uzalishaji umeanguka vibaya, na lazima uchimbe vingine na vingine ili kubaki ulipo. Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza ilifika kileleni mwaka 1999 na haijarudi. Mafuta rahisi ya kufungua bomba na kuyaacha yaje yenyewe ndiyo yanayopungua. Yanayobaki yanataka chuma zaidi, maji zaidi, fedha zaidi, na mafuta yenyewe ya kuyachimbia.

Wapo pia wanaosema hatutafika kwenye kisima kikavu kwa sababu watu watayaacha kabla. Wanaonyesha Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Sibishani nao. Ila wote wawili, anayesema yataisha na anayesema hayataisha, wanazungumza kana kwamba dunia ni tangi moja na sote tumechomeka mrija pamoja. Agosti 2023 si kwamba mafuta yalikuwa yameisha ardhini. Uhaba wa dola ulitajwa kuwa sababu. Julai 2008 pipa lilifika dola 147, na mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine, petroli kwetu ilipita shilingi 3,000 kwa lita hadi serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi. Mara zote mbili wenye fedha waliendelea kujaza matangi. Newala kilele chetu kinafika asubuhi ambayo lita mbili hazipo. Ndiyo maana napima kifaa kwa swali hilo: asubuhi ya namna ile, kitafanya kazi?

Hili bomba linafanya. Unalichaji usiku, kwa muda wa saa nane hivi, taa nyekundu inageuka kijani. Betri ikiwa mpya ilinipeleka matangi matano bila kuchoka. Halina kelele. Hilo sikulitegemea kunifurahisha kiasi kile: unasikia mlio mdogo kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na unasikia ndege, na unasikia mwenzako akikuita upande wa pili wa shamba. Unapeleka nozeli chini ya shada la maua, unalizungusha taratibu, na unaona ukungu unakaa juu ya vitumba vidogo vya ua mpaka vinang'aa. Mashine ya petroli inarusha wingu na kuomba liende panapotakiwa. Hapa unaona kila ua ulilolipulizia. Kifua changu, ambacho kilikuwa kinabana kila msimu kwa vumbi la salfa, misimu hii miwili kimepumua, ingawa barakoa na glavu bado navaa na kila mtu avae.

Kwa miti 41 natumia matangi mawili na nusu hivi, lita moja na robo hivi kwa mti inapokuwa na maua mengi, na asubuhi moja inatosha kwa watu wawili tunaopokezana. Msimu wa 2024 miti mifupi ilinipa vizuri kuliko wakati wowote tangu nilipoipanda.

Sasa matatizo. Halipigi unga. Ukilinunua umeamua kuhamia kwenye dawa ya maji, na maji Newala ni mali. Kila anayeishi juu ya uwanda huu wa Makonde anajua ndoo imetoka wapi. Lita 50 kwa raundi moja zinabebwa na mtu, na tangi likijaa ni kilo ishirini na ushee mgongoni. Mikanda iliyokuja nayo ni myembamba, ilinikata mabega siku ya kwanza. Nilishonewa mingine kwa turubai na sponji, shilingi 6,000, na ningewashauri mfanye hivyo kabla ya kuanza.

Kwenye mikongwe ya mama limeshindwa. Nilivuta fimbo mpaka mwisho, nikapanda juu ya ndoo, nikaweka nguvu ya mwisho: ukungu unafika matawi ya kati na kunirudia usoni. Kwa miti hiyo 23 bado namwita kijana na mashine yake, na bado natunza lita tatu za petroli kwenye kidumu nje ya nyumba kuanzia Juni.

Chujio la ndani ndilo linaloua mabomba haya. Dawa ikikauka humo, pampu inavuta hewa, inapata moto, inakufa. Wiki ya pili niliacha kuliosha usiku mmoja tu, asubuhi likakohoa na kutoa matone. Nilifungua, nikakuta utando mweupe mgumu kama ganda la yai. Tangu hapo nikimaliza naweka maji safi na kulipuliza mpaka yatoke meupe. Betri nayo msimu wa pili ilishuka hadi matangi matatu. Fundi mmoja hapa Newala aliniwekea nyingine ya volti 12 inayolingana, shilingi 35,000, kwa bisibisi na dakika kumi. Hili nalipa alama kubwa kabisa, kwa sababu yako mabomba ambayo betri yake imefungwa ndani ya plastiki iliyogandishwa, na siku inapokufa unatupa vyote. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akufungulie chini uone skrubu.

Kijana alipoliona mara ya kwanza alisema, "Basi Mwalimu umeachana na mafuta." Nilitamani iwe kweli. Tulikaa tukahesabu. Tangi ni plastiki, na plastiki ni mafuta. Dawa ya chupa imetengenezwa viwandani kwa kemikali zinazotokana na mafuta. Umeme unaoichaji betri, huku Mtwara kwa miaka mingi umezalishwa kwa gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ile ile ambayo tangu 2015 inasafiri kwa bomba kubwa mpaka Dar es Salaam. Nayo gesi ni hazina ya ardhini. Kisima cha gesi nacho hupungua msukumo kadiri kinavyotolewa. Na salfa yenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulisikia: sehemu kubwa ya salfa ya dunia leo haichimbwi kama madini, inatolewa kwenye mafuta na gesi wakati wa kuvisafisha, kwa kuwa dizeli yenye salfa nyingi inachafua hewa. Kiwanda cha kusafisha mafuta kinabaki na milima ya unga wa njano, na mifuko yetu inaanzia huko. Akaangalia mfuko wa salfa ya ruzuku uliokuwa karibu na mguu wake, akauliza, "Kwa hiyo dunia ikiacha mafuta, na salfa inaondoka?" Nikamwambia angalau itapungua na itapanda bei, na kwamba sijaona watu wanaobishana kuhusu kilele wakiutaja mkorosho hata mara moja. Na maisha ya wilaya nzima yanasimama juu yake.

Baada ya mazungumzo yale nilirudi kwenye yale ambayo Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, wamekuwa wakitufundisha miaka yote na sisi tunayaacha kwa sababu salfa ipo: kupogolea matawi yaliyogusana ili jua na hewa vipite, na kung'oa yale machipukizi ya ndani kwenye kivuli kabla ya maua, kwa kuwa ubwiriunga unajificha humo ukisubiri msimu. Mwaka huu nimefanya hivyo kwa miti yote 64, kwa panga na msumeno. Kwenye mifupi nimepunguza raundi moja ya dawa na sijaona hasara. Mikongwe sita ya mama nimeikata nibebeshe upya kwenye visiki. Nililia kidogo kwenye ule wa karibu na kaburi lake, ule nimeuacha.

Kwa hiyo, ukiwa na miti mirefu tu, hifadhi hela yako. Ukiwa na miti ya kubebesha, au unapanga kuipanda, nunua, na nunua na betri ya akiba siku hiyo hiyo. Kama una paneli ndogo ya sola na kidhibiti chaji, betri hii ya volti 12 inachajiwa nayo. Nilijaribu siku umeme ulipokatika raundi ya nne, jua la kutwa likaijaza na kesho yake alfajiri tukaingia shambani kama kawaida.

Wiki iliyopita kijana amekuja kuniazima bomba. Mama yake amepanda miche 30, ina miaka minne, na anaona ni hasara kuiwashia mashine ya petroli miti inayomfika kifuani. Nimempa. Nimemwonyesha chujio, nikamfanya alifungue na kulifunga mara tatu mbele yangu.