Uzoefu wangu: kiangazi kizima kwenye trela, kando ya Ziwa Superior

Kwa muuguzi wa mkataba, nyumba inaumiza kichwa kuliko kazi yenyewe. Mikataba yetu hapa Marekani kwa kawaida ni ya wiki 13, na ukipangiwa kaskazini ya Minnesota wakati wa kiangazi unakuta watalii wameshawahi vyumba vya kupanga kote ufukweni. Kwa hiyo mwaka 2025, nilipopata kazi hospitali moja ya Duluth, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulihamia kwenye trela ya mtumba ya futi 28, yaani nyumba ndogo ya magurudumu, tukaivuta kwa pikapu hadi mji wa Two Harbors, kama kilomita 43 mbele ya Duluth kwa barabara ya 61. Tulikaa humo mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa, na nyumba nyingine hatukuwa nayo. Wauguzi wenzangu wa Kitanzania na Kikenya wananiuliza kama inafaa kwa familia. Inafaa sana, na nitarudi. Ila tafuta kwanza kiwanja cha kuegesha, trela baadaye.

Nasema hivyo kwa sababu ya maji. Trela ina matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Kama kiwanja hakina bomba la maji na la majitaka, maisha yako yote yanafuata matangi hayo, na kila yanapojaa unaing'oa nyumba uipeleke kumwaga. Hifadhi za jimbo la Minnesota zinapendeza mno, lakini nafasi zake nyingi zina umeme tu au hazina kabisa, na hairuhusiwi kukaa zaidi ya siku 14 mfululizo. Ni za kwenda kupumzika. Familia inayofanya kazi itafute kiwanja kinachokodishwa msimu mzima, chenye umeme, maji na majitaka palepale. Hivyo huisha mapema, watu wanaviwahi tangu majira ya baridi.

Sisi Waislamu tuna hesabu yetu ya ziada. Watu wanne wanatawadha kutwa, na chooni tunatumia maji. Bila bomba, tangi letu la maji safi lingekuwa kavu kabla ya siku ya tatu. Lakini kuna heri ndani yake: tangi la choo linataka maji mengi, na wanaolalamika harufu ni wale wanaomwaga maji kidogo na karatasi nyingi. Valvu ya tangi hilo hukaa imefungwa hata kama mpira wa majitaka umeshaunganishwa. Ukiiacha wazi, maji yanatangulia na uchafu unabaki nyuma, unakauka na kujijenga sakafuni mwa tangi. Mume wangu husubiri taa ionyeshe theluthi mbili, anavaa glavu, anafungua la choo kwanza, kisha la maji ya sabuni ili yausuuze mpira. Ni dakika chache. Sisi tulikuwa tunamalizia kuusuuza kwa maji ya bomba la bustani, na trela haikunuka hata siku moja.

Maji ya moto ni habari nyingine. Tangi la hita lina kama lita 23, basi. Unajilowesha, unafunga, unajipaka sabuni, unafungua tena. Watoto waliona kawaida kuliko sisi.

Umeme nao ujue hesabu yake. Nafasi ya ampea 30 kwa volti 120 inakupa wati 3,600 kwa nyumba nzima. Kiyoyozi kikiwa kinanguruma, ukawasha birika na mikrowevu kwa pamoja, swichi kuu inajizima. Tulizoea kuulizana kwa sauti kabla ya kuwasha kitu: “Mama, naweza kupasha?” Na nunua kifaa cha kulinda umeme unapochomeka kwenye nguzo ya kiwanja. Ni ghali kidogo, lakini friji na kiyoyozi ni ghali zaidi.

Sasa jambo lililonigusa mimi mwenyewe: kulala mchana. Nilikuwa zamu ya usiku, na mwezi Juni huko jua linachomoza kama saa kumi na moja na robo alfajiri na kuzama saa tatu usiku. Kuta za trela ni nyembamba; mtoto wa jirani akidondosha baiskeli, umeisikia kitandani. Tuliziba madirisha ya chumba kwa shiti za foili zilizokatwa kwa kipimo cha kioo, feni ikawa inavuma kutwa, na mume wangu akawa anawatoa watoto nje tangu saa tatu asubuhi. Hapo ndipo kiwanja kilipolipa fedha zetu. Ufuko ulikuwa wa kutembea kwa miguu, maktaba ya mji ipo, na meli za madini ya chuma zinaingia bandarini, nyingine zina urefu wa mita 300. Mwanangu wa kiume aliijua kila meli kwa rangi yake. Nikiamka saa tisa nawakuta wamechoka vizuri, wana mchanga mpaka masikioni.

Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia Ziwa Victoria, ziwa la pili kwa ukubwa duniani kati ya yale yasiyo na chumvi. La kwanza ni hili la Superior. Lakini usilitarajie likupokee kama la kwetu. Mwezi Julai, siku ambayo bara kuna nyuzi 30, ufukweni upepo ukitoka ziwani utatafuta sweta, na maji yanauma miguu hadi kwenye mfupa. Usiku wa Juni tuliwasha hita ya gesi, kwa hiyo hesabu mitungi ya gesi hata kama unakwenda kiangazi. Kwa upande mwingine, kiyoyozi tulikitumia kidogo kuliko tulivyofikiri.

Jikoni, jiko la plate tatu linasonga ugali bila shida, mradi trela imetulizwa vizuri kwenye jeki zake. Samaki na dagaa tulikaangia nje, kwa sababu harufu ikiingia kwenye magodoro haitoki. Mabaki hayalali nje, dubu wapo. Unga wa sembe, dagaa na viungo tulibeba kutoka Minneapolis, maana huko juu maduka ya Kiafrika ni adimu. Samaki ndiyo neema ya mahali hapo: trout wa ziwani ana mafuta, na kwenye tui la nazi anakubali kabisa. Mzee jirani yetu, mvuvi mstaafu, alituletea wawili. Tukampelekea sahani. Kesho yake alileta watatu.

Kama muuguzi siwezi kuacha kusema habari ya kupe. Wale wadogo wenye miguu myeusi huambukiza ugonjwa wa Lyme, na porini huko wapo. Kila jioni kabla ya kuoga tuliwakagua watoto nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye mstari wa nywele. Nguo za kuendea porini zipulizwe permethrin, dawa ya kuua kupe, na ziachwe zikauke kabla ya kuvaliwa. Mbu ni wengi, lakini kibanda cha neti mlangoni kinatosha.

Moshi ulinisumbua zaidi. Mwaka ule moto wa misitu ya Canada ulishusha moshi mpaka Minnesota, na trela haizibi hewa kama nyumba. Mwenye mtoto wa pumu, kama sisi, anunue mashine ya kuchuja hewa yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo za moshi, na aiweke chumba wanacholala watoto. Siku mbaya tulihamia maktaba.

Swala ya Isha mwezi Juni inakaribia saa tano usiku au kupita, na Alfajiri haikawii kuingia. Siku nisizokuwa kazini tulitandika mikeka nje, tukaswali pamoja chini ya misonobari, na hakuna aliyetusumbua.

Ukichukua nafasi, uliza maji yanafungwa lini. Kabla ya baridi kali mabomba ya trela lazima yakaushwe, la sivyo yanapasuka. Sisi tumeshalipa arubuni ya mwaka ujao. Nimemwomba meneja atupe upande wa magharibi wa miti ya spruce, jua la asubuhi lisipige chumba changu mpaka saa nne.