Koti la mtumba nililonunua Mtwara, baada ya miaka 2 mnarani

Nilipohamishiwa kiwanja cha ndege cha jeshi huko kaskazini, mbali na mji wowote, kwa kazi ya kuongoza ndege, sikuwa na hata sweta. Mtwara nani ana koti zito? Kwenye mabanda ya mitumba sokoni, mama mmoja akaniambia, "Subiri, mwanangu," akainama mpaka chini ya belo, akaibuka na koti la kijani lenye manyoya ndani. Alianza na 30,000, tukamalizana 22,000.

Mnara ni vioo vitupu, na saa kumi alfajiri baridi inapenya pembeni. Koti linaziba hadi kidevuni, na mikono ina lastiki, kwa hiyo haiburuziki juu ya karatasi ninapoandika mienendo ya ndege. Usiku mmoja redio ya rubani ilizimika. Nikatoka roshani na taa ya ishara, nikammulikia nyekundu isiyopepesa: wapishe wengine, endelea kuzunguka. Njia ilipokuwa wazi nikampa kijani isiyopepesa, ruhusa ya kutua. Upepo ulikuwa unakata, lakini mkono wangu haukutetemeka. Kwa usiku ule pekee, koti limelipa bei yake.

Zipu ilikufa mwezi wa tatu. Fundi cherehani akaweka nyingine, haijasumbua tena.

Likizo hii nimemrudia yule mama, nimechukua na soksi nzito jozi tatu. Nendeni asubuhi belo likifunguliwa, na mpekue ya chini kabisa.