Tahadhari: shokapu za nyuma "Öhlins orijino" za bei ya kutupa, nimelizwa laki tisa na nusu

Wakuu, kama una pikipiki ya spoti ya zamani na unatafuta shokapu ya nyuma, usitume hela kwa mtu yeyote kabla hujasoma hapa. Mimi nimeshaingizwa mjini, tena mjini kwenyewe nimezaliwa.

Chombo changu ni Honda CBR600F4i ya 2003. Wanaozijua wanajua: nyuma ina shokapu moja tu, ya Showa, yenye chupa yake ya gesi ubavuni. Yangu ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani, na ilishachoka. Ukipita tuta inaruka mara tatu ndipo itulie. Ukibeba mtu, nyuma inayumba kama godoro la sponji. Fundi wangu alipiga tochi akanionyesha mchirizi wa oili kwenye rodi, akasema sili imekufa na gesi imeondoka. Ushauri wake ulikuwa mfupi: tuifungue, tubadili sili na oili, tujaze naitrojeni. Mimi nikajifanya mjuaji. Nikamwambia kama tunafungua nyuma, basi tufunge kitu cha maana.

Usiku huohuo nikakutana na tangazo. Springi ya njano, mwili wa dhahabu, "Öhlins orijino, imetolewa kwenye CBR ya mashindano Japan, haijatembea". Bei 950,000. Öhlins ni Waswidi, wako kwenye kazi hii tangu 1976, na shokapu yao mpya ya pikipiki kama yangu inaweza kupita dola 1,000 kabla hujalipa usafiri wala ushuru. Hapo ndipo akili ilipaswa kuniambia kitu. Badala yake nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Picha yenyewe ilipigwa sakafuni, vigae vya maua, na pembeni ncha ya kandambili ya kijani. Kumbukeni hiyo kandambili.

Jamaa alikuwa na lugha tamu kupita kiasi. "Kaka hii ukifunga utanikumbuka." Kweli, namkumbuka kila siku. Alisema yuko Arusha, nitangulize 350,000, mzigo utapanda basi, nyingine nimalizie nikiupokea. Nikaona huo ni uungwana. Nilipofika ofisi ya basi nikakuta mzigo umezungushiwa gundi ya karatasi kama maiti ya Farao, na yeye yuko hewani ananiharakisha nimalizie, eti kuna mteja mwingine. Nikatuma 600,000 kabla ya kukata hata gundi moja. Nakubali, kosa hilo ni langu.

Gereji, fundi aliweka shokapu zote mbili, ya zamani na hii mpya, sambamba mezani, akapima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Mpya ilikuwa fupi kwa milimita 12. Akaguna. Mimi nikamwambia za mashindano ndivyo zilivyo. Naandika hivi kwa aibu. Kwenye pikipiki zetu shokapu haikamati gurudumu moja kwa moja, inapitia viungo vya chini, na gurudumu husogea karibu mara mbili ya shokapu. Kwa hiyo milimita 12 pale juu ni kama sentimita mbili na nusu kule nyuma. Kitako kinashuka, usukani unakuwa mzito, na ukiingia kona pikipiki inataka kutanuka kwenda upande wa wenzako.

Nilitoka nayo Tegeta kuelekea Bagamoyo asubuhi ya Jumapili. Kufika Bunju nikawa nimeshaelewa. Kila tuta nyuma inagonga hadi mwisho, kisha inanirusha kitini kama punda asiyetaka mzigo. Nikasimama kandokando, nikashika kile kitufe cha chini cha kupunguza kasi ya springi kurudi. Kikazunguka tiki, tiki, tiki. Nikahesabu hadi arobaini, hakina mwanzo wala mwisho! Kitufe cha kweli hufika mahali kikakwama, hapo ndipo unaanza kuhesabu. Hiki kilikuwa pambo.

Tulipoifungua, fundi alitoa springi kwanza, akasukuma rodi kwa kiganja. Ilizama ikabaki hukohuko. Shokapu yenye gesi ukiisukuma ndani hurudi yenyewe taratibu, maana naitrojeni inaisukuma. Akafungua kifuniko cha valvu kwenye chupa, akaibonyeza, hata pumzi haikutoka. Ndani ya chupa hamna pistoni, hamna mpira wa kutenga gesi na oili, ni bati tupu limepakwa rangi. Oili yote iliyotoka ilijaa kijiko cha kulia ubwabwa, nyeusi, ina vumbi la chuma. Bushi ya jicho la chini ilikuwa laini kiasi kwamba kwa safari moja tu tundu limeanza kuwa na umbo la yai.

Baada ya hapo ndipo tukaangalia stika, kazi ambayo ingepaswa kuwa ya kwanza. Ukiikwaruza kwa kucha inabanduka. Ile O haina nukta mbili juu. Na namba yake inaanza na YA. Öhlins huanza namba za shokapu zao kwa herufi za pikipiki husika: HO kwa Honda, YA kwa Yamaha, SU kwa Suzuki, KA kwa Kawasaki. Jamaa aliapa imetoka kwenye CBR! Springi zao pia huwa na namba yake iliyochapwa, ya kwangu ilikuwa njano tupu.

Nilimpigia. Mara ya kwanza akasema fundi wangu ndiye ameiharibu. Mara ya pili akasema nimtumie nauli aje kuiona. Mara ya tatu sikumpata tena, kanizuia.

Kwa hiyo ukimpata muuzaji, mwambie akupigie video akiwa ametoa springi na anasukuma rodi, na akizungusha vitufe hadi vikwame. Mwambie apime tundu kwa tundu, futi ya chuma ionekane. Akianza maneno, achana naye. Na kama mzigo unakuja na basi, fungua palepale kaunta, huyo mteja mwingine aende nayo.

Shokapu yangu ya zamani tuliifufua. Sili, oili mpya, naitrojeni kwa fundi wa mafriji mwenye mtungi na geji, vyote laki moja na themanini. Nikikaa kitini nyuma ya pikipiki inashuka milimita 35, na tuta la Bunju sasa linapita kimyakimya.

Jana tangazo limerudi. Jina jingine, namba nyingine, bei imeshuka hadi 850,000, na safari hii "imetolewa kwenye R6", yaani ya Yamaha. Vigae ni vilevile vya maua, na kandambili ya kijani ipo palepale.