Baiolojia nyota tano, mshauri wa masomo sifuri (nadhani)

Chuo sikitaji. Ni cha umma, ni kikubwa, wengi mnaosoma hapa mmepita pale au mna ndugu pale. Nimekaa na hasira hii tangu mahafali nikidhani itapoa yenyewe. Haikupoa, na sasa dirisha la udahili limefunguliwa tena, wadogo zetu waliomaliza kidato cha sita wanatupigia simu usiku na mchana kuuliza wajaze nini. Basi acheni niseme.

Sifa za kujiunga, ada na orodha ya kozi mtazikuta kwenye kitabu cha mwongozo. Mimi nina la kusema kuhusu saini moja.

Kwanza hesabu. Shahada ya kwanza ya miaka 3 inataka krediti 360, yaani 120 kila mwaka, na hiyo namba kila mwanafunzi anaimba. Mtu anajumlisha, anaona zinatimia, anaenda kulala. Hazitoshi hizo. Ndani ya 360 kuna kozi za lazima, na ukikosa moja tu, hata uwe na krediti 400 huvai joho. Ya hiari haizibi pengo la ya lazima. Halafu kati ya hizo za lazima kuna zinazofungua nyingine. Kwetu Takwimu za Baiolojia, ambayo wote tuliiita Stati, ndiyo iliyofungua mradi wa utafiti wa mwaka wa tatu. Huna Stati, huna mradi. Na Stati ilikuwa inafundishwa semista ya kwanza ya mwaka wa pili basi, ikishapita imepita hadi mwaka mwingine.

Hayo ndiyo mshauri wa masomo amewekwa pale kuyaangalia. Siyo akushike mkono kukupeleka darasani. Aangalie fomu yako, aone Stati haipo, akuulize kwa nini haipo. Nusu dakika.

Mwaka wa pili ratiba ikatoka, Stati na maabara ya Jenetiki zimewekwa alasiri moja. Darasa zima likaanza kelele kwenye kundi la WhatsApp. Mimi, mtoto mtiifu niliyelelewa kufuata utaratibu, nikaenda kwa mshauri wangu. Mlangoni kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa selotepu iliyogeuka njano: Ushauri, Jumanne saa 4 hadi saa 6. Tukakaa chini ukutani kwenye korido, mstari mrefu, fomu mikononi. Alifika karibu saa 7, simu sikioni, akafungua mlango kwa kiwiko.

Zamu yangu ilipofika bado alikuwa anaongea na fundi wake, habari za mabati. Nakumbuka maneno yenyewe kwa sababu yalirudiwa sana: "Geji 28! Nimekwambia geji 28, hizo 30 mrudishie mwenyewe!" Nikasema shikamoo Dokta. Akaitikia kwa kidevu. Nikaeleza mgongano wa ratiba. Akaziba simu kwa kiganja, akasema, "Weka kozi ya hiari hapo. Stati utachukua mwakani." Saini, mhuri, fomu ikarudi kwangu kichwa chini miguu juu, na fundi akaendelea kusomewa geji.

Wenzangu waliokuwa na mshauri mwingine, mama mmoja mkali ambaye wote tulikuwa tunamwogopa, waliambiwa maabara ya Jenetiki ina kundi la pili Ijumaa asubuhi, nendeni mkajiandikishe huko, Stati msiiguse. Kumbe dawa ilikuwa hiyo tu. Ilikuwa imebandikwa hata kwenye mlango wa maabara, ila orodha iliwekwa baada ya sisi kuwa tumeshasaini.

Nikachukua kozi ya mimea na matumizi yake kwa jamii, krediti 8. Kozi nzuri, sitaisema vibaya. Lakini krediti 8 kwa hesabu ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni saa 80 za kujifunza, na hakuna hata moja iliyoziba pengo la Stati.

Mnajua Stati inaanza kukuuma lini? Mwaka wa tatu ni mbali. Ilianza kuniuma kwenye hiyohiyo Jenetiki. Tulikuwa tunafuga inzi wa matunda kwenye chupa, kizazi cha kwanza, cha pili, halafu unawalaza kwa baridi, unawamwaga kwenye karatasi nyeupe chini ya hadubini na kuwatenga kwa brashi ndogo: wenye mabawa kamili huku, wenye mabawa yaliyodumaa kule. Meza yetu ilipata 140 na 60. Kanuni ya urithi ya Mendel inasema 3 kwa 1, kwa hiyo kwenye inzi 200 tulitegemea 150 na 50. Je, hao 10 waliozidi upande mmoja ni bahati tu au kuna kitu? Mwalimu wa maabara akasema fanyeni kai-mraba, yaani kipimo cha takwimu cha kujibu swali hilo, akaondoka. Meza nzima wakainamisha vichwa kwenye kikokotoo. Mimi nikabaki nashika brashi. Rafiki yangu mmoja ndiye aliyenifundisha nyuma ya daftari: toa, zidisha kwa yenyewe, gawanya, jumlisha. Ikatoka 2.67, chini ya kikomo cha 3.84 cha kwenye jedwali, basi 3 kwa 1 inasimama. Nilifurahi kama nimeigundua mimi. Halafu nikakasirika, maana nilikuwa najifunza msingi wa ukuta kwenye paa.

Mwaka wa tatu. Nimeingia kwenye mfumo kujisajili, mradi wa utafiti unakataa, maandishi mekundu. Najaribu tena, unakataa. Naitafuta Stati, kwenye orodha ya mwaka wa tatu haipo, iko ya mwaka wa pili tu. Nikarudi kwenye mlango uleule, selotepu ileile.

Safari hii hakuwa na simu. Aliniangalia usoni kabisa.

"Nani alikwambia uiache Stati?"

"Uliniambia wewe mwenyewe, Dokta. Nakala ya fomu ni hii, na saini ni hii."

Akavaa miwani. Akaitazama karatasi muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama ilipokuwa na maana. Kisha akasema maneno ambayo nikiyakumbuka hata sasa, nikiwa napika, mkono unasimama kwenye sufuria:

"Saini inaonyesha kwamba umefika hapa. Haionyeshi kwamba nimekushauri."

Na akaongeza ya kusindikizia, kwamba sisi wa siku hizi tunataka kutafuniwa kila kitu, kwamba hapa ni chuo kikuu, binti, siyo shule ya msingi. Mlangoni walikuwepo wa mwaka wa kwanza wawili wanasubiri. Wakacheka. Sikuwalaumu, mwaka wa kwanza unacheka chochote anachosema Dokta.

Sasa niambieni. Kama saini ni ya kuonyesha nimefika, si waweke daftari la mahudhurio getini, mlinzi atasaini vizuri zaidi na atanisalimia? Kwa nini fomu imeandikwa "Maoni ya mshauri" na mistari mitatu mitupu? Ile mistari ni ya nani?

Nilitoka pale nikakaa ngazini. Mkopo wangu wa bodi ulikuwa wa miaka 3. Mwaka wa nne nani angelipa? Mama yangu anauza mitumba. Sikumpigia simu, ningemwambia nini, kwamba nina krediti za kutosha ila simalizi? Angeuliza nimefeli nini, na sikuwa nimefeli kitu.

Aliyeniokoa hakuwa na PhD wala jina mlangoni. Ni mama wa masjala ya idara. Nilienda kwake kuomba karatasi ya kuandikia barua ya kuahirisha masomo, machozi yananitoka, naye alikuwa anakunywa chai na chapati. Akanisogezea stuli. "Mwanangu, utalia ukishamaliza barua. Wiki ya kuongeza na kuacha kozi inaisha Ijumaa." Akaweka chapati pembeni na kunipangia: idara ya hisabati ina kozi ya takwimu inayofanana na yetu, inafundishwa semista hii hii. Andika barua kwa mkuu wa idara kupitia kwa mshauri wako, omba itambuliwe badala ya Stati, na uombe kusoma sambamba na mradi. Ambatanisha muhtasari wa kozi zote mbili, matokeo yako, na ile nakala ya fomu. Usimlaumu mtu ndani ya barua, barua yenye lawama inalala. Nakala ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa, ukae nayo.

Halafu akafungua kabati kunitolea mfano wa barua. Faili lenyewe lilikuwa nene. Barua za Stati, za miaka na miaka, za watu waliopigwa kofi hilohilo kabla yangu. Yaani idara inajua! Ina faili! Ina mpaka mfano wa barua! Hapo ndipo huruma yoyote niliyokuwa nayo kwa mtu mmoja mwenye simu ya fundi ilipokauka, nikaanza kuwachukia wote kwa pamoja.

Barua ilipita. Nikasoma takwimu na watu wa hisabati na uchumi, mifano yote ya bei za bidhaa na viwanda, mimi nimezoea inzi. Nikapata C. Ukitaka kujua C moja inafanya nini, nilimaliza na GPA ya 3.4, na daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Watu wananiambia pole, ni sifuri nukta moja tu. Nawaangalia tu.

Sasa hapa ndipo ninapojichanganya, na ningependa niishie aya iliyopita, lakini nikiishia pale nitakuwa mwongo.

Msimamizi wangu wa mradi alikuwa nani? Yeye, mshauri wangu yuleyule. Hakukuwa na mwingine wa samaki. Nilitaka kufanya furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ambao walikuwa mamia ya aina kabla sangara hajapandikizwa mle kuanzia miaka ya 1950 na kuwamaliza wengi wao. Nikaenda nimekunja uso. Na yule mtu, wallahi, alikuwa mwalimu. Tulishuka naye mwaloni Mwanza alfajiri, suruali ameikunja magotini, anawajua wavuvi na wachuuzi kwa majina, anabishana nao kuhusu samaki gani ni yupi na anakubali akishindwa. Maabara alinikalisha kwenye hadubini mchana mzima, simu ameizima, akafungua koo la furu kwa koleo ndogo kunionyesha mataya ya pili. Ndiyo, wana mataya mengine kooni. Anayekula konokono ana meno butu mapana kama magego, ya kupondea. Anayekula wadudu ana meno membamba yaliyochongoka. "Usiniamini mimi," akasema, "hesabu mwenyewe, pima mwenyewe, halafu Stati ikwambie kama tofauti ni ya kweli." Alisema Stati bila hata kushtuka. Hakukumbuka. Aliichora hata grafu ya kwanza kwa mkono wake ili nielewe, na rasimu yangu aliirudisha imejaa wino wa kijani kila ukurasa, amesoma mpaka maelezo ya chini ya picha.

Kwa hiyo nikisema ni mtu mvivu nitakuwa namsingizia. Nimeambiwa pia na watu wa ndani kwamba ushauri wa masomo hauhesabiwi kwenye kupandishwa cheo, wanaangalia machapisho na ufundishaji, na mhadhiri mmoja anagawiwa wanafunzi lundo bila orodha ya nani amechukua nini. Sawa. Nilikuwa nimeanza kumsamehe kwa sababu hiyo. Lakini yule mama mkali wa mlango wa pili alikuwa na lundo hilohilo, cheo hichohicho, na wanafunzi wake wote walienda Ijumaa asubuhi. Mtu anayeweza kuhesabu meno ya samaki mmoja mmoja anashindwaje kuhesabu kozi kumi kwenye fomu?

Na kitu kingine washauri hawakusema kabisa, kwa sababu hakuna aliyeuliza: ukiwa na shahada ya baiolojia hii huwi mwalimu wa sekondari moja kwa moja, inabidi ukasome tena stashahada ya uzamili ya ualimu. Darasani kwetu wengi walikuja kwa sababu udaktari uliwakosa, wakijipa moyo kwamba ualimu utakuwepo. Walijua siku ya kutafuta kazi.

Nyota sasa. Maabara na safari za fildi, tano, hata kama hadubini nyingine zina ukungu. Mwalimu wangu wa furu, tano. Mshauri wangu wa masomo, sifuri, na najua ni mtu yuleyule, msinisahihishe. Mama wa masjala mpeni idara yote aiendeshe.

Mdogo wangu amemaliza CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) na matokeo yake ni mazuri. Juzi nilimwambia aweke baiolojia ya chuo kile chaguo la kwanza. Usiku nikamtumia ujumbe aishushe iwe la pili. Asubuhi kanipigia kuuliza nimeamua nini, nikamwambia aiache palepale pa kwanza, na akifika tu, kabla hajatafuta hata chumba, aende masjala akasalimie.